Maswali ya wasomaji: Nimechagua Songwe, mbona Kyela bado ipo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Mbeya, natengeneza fomu ya kusajili wanachama wa saccos yetu, JavaScript najifunzia kwenye simu na laptopu ya kuazima kwa hiyo nivumilie. Nimeweka menyu mbili, ya kwanza mkoa, ya pili wilaya, nataka mtu akichagua mkoa wilaya zibadilike zenyewe. Zinabadilika kweli, ila ukichagua Mbeya halafu ukaghairi ukachagua Songwe, unakuta wilaya za Mbeya bado zipo na za Songwe zimejipanga chini yake, ukirudia tena ndo zinazidi kuwa ndefu. Juzi katibu kamsajili mama mmoja wa Mbozi, tulipochapisha karatasi tukakuta mkoa Songwe, wilaya Kyela. Yule mama hakufurahi hata kidogo. Nimejaribu kuzificha kwa CSS, kwenye simu yangu zinafichika, kwenye iPhone ya mwenyekiti zinaonekana zote. Halafu nikifungua taarifa za mwanachama ili nirekebishe namba ya simu, wilaya inakuwa tupu. Nisaidie tafadhali, mkutano mkuu ni mwezi ujao. (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kujifunza na laptopu ya kuazima, wengi wangeshaacha. Nimelichukua swali lako la kwanza mwezi huu kwa sababu ya yule mama. Mtu kuandikiwa wilaya isiyo yake kwenye karatasi ya pesa zake ni jambo zito, siku akienda kudai mkopo au warithi wake wakienda kudai hisa, hiyo Kyela inaweza ikamsumbua vibaya.

Tuanze na kinachotokea ndani ya brauza. Menyu kunjuzi, au dropudauni kama wengi mnavyoiita, haijui kabisa kwamba mkoa umebadilika. Yenyewe inashika machaguo uliyoipa, ukiipa mengine inayaongeza chini, basi. Ni kama ubao wa darasani, mwalimu wa hesabu katoka hajafuta, wa jiografia kaingia akaandika palepale chini, mwanafunzi aliyechelewa anakopi vyote. Kwa hiyo dawa yako ni kufuta kwanza ndipo ujaze. Na ninaposema kufuta namaanisha kuyaondoa machaguo yenyewe, siyo kuyaficha kwa CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Safari, ile brauza ya iPhone, kwa miaka mingi imekuwa ikipuuza CSS ya kuficha machaguo yaliyo ndani ya menyu, yaani unaficha lakini mtu anayaona na anayachagua vizuri tu, ndo maana mwenyekiti anaona kila kitu wewe huoni. Hata kwenye simu ambazo yanafichika, chaguo lililofichwa linaweza likabaki ndo lililochaguliwa na likatumwa hivyohivyo kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea fomu.

Nimekuandikia kipande kifupi, hiki ni kizima, kiweke kama kilivyo halafu uongeze mikoa mingine:

```
const wilaya = {
  "Mbeya": ["Chunya", "Kyela", "Mbarali", "Mbeya", "Rungwe"],
  "Songwe": ["Ileje", "Mbozi", "Momba", "Songwe"],
  "Kusini Pemba": ["Chake Chake", "Mkoani"]
};

const m = document.getElementById("mkoa");
const w = document.getElementById("wilaya");

function jazaWilaya() {
  w.replaceChildren(new Option("Chagua wilaya", ""));
  for (const jina of wilaya[m.value] || []) {
    w.add(new Option(jina, jina));
  }
  w.disabled = !m.value;
}

m.addEventListener("change", jazaWilaya);
```

Kazi yote ipo kwenye ule mstari wa `replaceChildren`. Unasafisha menyu yote kwa mpigo mmoja na papo hapo unaacha chaguo moja tu, "Chagua wilaya", ambalo thamani yake ni tupu. Hiyo thamani tupu usiidharau. Ukiweka `required` kwenye menyu ya wilaya, brauza itakataa kutuma fomu mpaka mtu achague wilaya ya kweli. Bila hilo chaguo tupu, ukichagua Songwe menyu itasimama Ileje yenyewe maana Ileje ndo ya kwanza kwa alfabeti, na katibu mwenye foleni ya watu kumi mlangoni ataruka moja kwa moja kwenye namba ya simu. Hapo utajikuta na wanachama wengi wa Ileje ambao Ileje hawajawahi kufika.

Mstari wa mwisho ndani ya ile funksheni unaifunga menyu ya wilaya kama mkoa haujachaguliwa. Iandike hivyohivyo pia kwenye HTML, ukurasa unapofunguka wilaya iwe imefungwa. Ila kumbuka kitu kimoja, menyu iliyofungwa haitumwi kabisa kwenye seva, haiendi hata kama tupu, kwa hiyo upande wa seva usishangae ukikosa jina la wilaya kwenye data iliyokuja.

Na kwenye mstari wa mwisho wa kipande usitumie `click` (kubofya) badala ya `change` (kubadilika), nimeona wengi wanafanya hivyo kwa sababu kwenye simu yao inakubali. Kuna watu wanajaza fomu kwa kibodi tu, wanatumia Tab na mishale, hao hawabofyi chochote.

Sasa ile ya kurekebisha taarifa za mwanachama, wilaya kuwa tupu. Ukiandika kwenye msimbo `m.value = "Songwe"`, mkoa utabadilika kwenye skrini lakini tukio la `change` halitokei, hilo linatokea pale mtu mwenyewe anapobadilisha kwa mkono. Kwa hiyo wilaya hazijajazwa, na wewe mstari unaofuata unaiambia menyu ichague Mbozi wakati Mbozi haimo, inabaki tupu na wala hailalamiki. Fuata mpangilio huu: weka mkoa, ita `jazaWilaya()` mwenyewe, ndipo uweke `w.value = "Mbozi"`. Ukigeuza mpangilio haifanyi kazi, jaribu uone.

Kuna ndugu yake huyohuyo, utakutana naye kwenye Firefox. Mtu akirifreshi ukurasa katikati ya kujaza, Firefox inamrudishia aliyokuwa ameandika, mkoa unaonekana Songwe lakini wilaya ni tupu na imefungwa, na yeye haelewi kwa nini. Sikiliza tukio la `pageshow` kwenye `window`, hilo linatokea ukurasa unapoonekana, kama mkoa una thamani na menyu ya wilaya ina chaguo moja tu, ita `jazaWilaya()`. Hilo sharti la chaguo moja usiliache, bila hilo mtu akirudi nyuma kutoka ukurasa mwingine utamfutia wilaya aliyokwisha kuchagua.

Nikitoka kwenye msimbo naomba nikae kidogo kwenye orodha yenyewe, maana ninavyoona mimi fomu nyingi zinaharibikia hapa, JavaScript iko sawa kabisa lakini orodha imekopiwa kutoka mahali pa zamani. Tanzania ina mikoa 31, 26 Bara na 5 Zanzibar. Songwe imezaliwa 2016 ikitoka Mbeya, na kabla yake 2012 zikaanzishwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Ukikuta orodha mtandaoni haina Songwe iache hapohapo, maana hata wilaya zake zitakuwa za zamani. Dar es Salaam nayo wengi bado wanaandika wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, wakati Ubungo na Kigamboni zipo miaka mingi sasa. Na Pemba kuna wilaya inaitwa Mkoani, usije ukadhani mtu kakosea kuandika ukaifuta.

Halafu amua mapema kama orodha yako ni ya wilaya au ya halmashauri, usichanganye. Tunduma ni halmashauri ya mji lakini ipo ndani ya wilaya ya Momba. Jiji la Mbeya na Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya zote zipo wilaya ya Mbeya. Mtu wa Tunduma akifungua menyu asiione Tunduma atasita, kwa hiyo kama unatumia wilaya, andika "Momba (pamoja na Tunduma)" kwenye maneno yanayoonekana, na kwenye thamani inayotumwa ubaki na namba yako ya wilaya.

Ndiyo, nimesema namba. Kwenye kile kipande nimetumia majina ili usome kirahisi, ila kwenye databesi nakushauri kwa nguvu zote kila wilaya iwe na namba yake na kwenye jedwali la wilaya uandike ipo mkoa gani, halafu kwa mwanachama usevu namba ya wilaya peke yake. Fikiria chama kilichokuwa kimesevu "Mbeya, Mbozi" kwa kila mwanachama, ilipofika 2016 Mbozi ikahamia Songwe, ikabidi wapitie mwanachama mmoja mmoja. Aliyesevu namba ya wilaya alibadilisha mstari mmoja wa Mbozi kwenye jedwali, wanachama wote wakahamia naye. Na faida ya pili ni kwamba Songwe-Kyela haiwezi kutokea tena hata mtu atake, kwa sababu mkoa huusevu, unausoma kutoka kwenye wilaya.

Mwisho kwako, seva ihakikishe tena yenyewe. Menyu iliyopo kwenye brauza ipo mikononi mwa mtu mwingine, anaweza kufungua zana za brauza akaandika chochote, au anaweza kuwa na ukurasa wa juzi ambao simu yake imeutunza. Kabla ya kusevu, seva iangalie hiyo wilaya ipo kweli kwenye jedwali, kama haipo irudishe ujumbe wa Kiswahili unaoeleweka.

Na yule mama mpigieni mumwambie imerekebishwa, mumpe na karatasi mpya.

SWALI: Habari yako mwalimu. Niko Voi, nawatengenezea wazazi wa shule yetu fomu ya kuomba basari, kuna kaunti, eneo bunge, halafu wadi. Mtu akichagua kaunti inaenda kwa seva kuleta maeneo bunge, network ikiwa mbaya inazunguka tu. Na kuna wakati nachagua Mombasa, naona nimekosea nabadilisha haraka Taita Taveta, inaniletea Voi na Mwatate vizuri, halafu baada ya sekunde mbili hivi zinageuka zenyewe zinakuwa Changamwe na Likoni! Nimefuta kwanza ndio nijaze, kwa hivyo hiyo sio shida. Na kuna kitu kingine sielewi, mzazi wa Marsabit alipata maeneo ya Wajir. (Msomaji, Voi)

JIBU: Njema kabisa, na swali lako ni tamu kwa sababu wewe umefika mbali kidogo, kufuta unajua tayari.

Hizo Changamwe na Likoni ni jibu la zamani limechelewa njiani. Umeuliza seva maswali mawili, la Mombasa kisha la Taita Taveta, na hakuna sheria inayosema la kwanza lazima lijibiwe kwanza. La pili likawahi, ukaona Voi na Mwatate, halafu la Mombasa likafika na kijasho chake, msimbo wako ukalipokea, ukafuta ukajaza. Dawa rahisi, kabla hujauliza tunza kaunti uliyoiulizia, jibu likifika linganisha na iliyopo kwenye menyu sasa hivi, kama hazifanani litupe. Ukitaka iliyo safi zaidi kuna `AbortController`, inakata lile ombi la zamani kabisa lisiendelee kula bando la mzazi. Wakati jibu linasubiriwa weka "Inapakia..." kwenye menyu na uifunge, na likishindikana mwambie mtu imeshindikana na umpe kitufe cha kujaribu tena, kule kuzunguka bila mwisho kunamfanya mtu afunge ukurasa akidhani kosa ni lake.

Ila kwa hali yako mimi ningeacha kuuliza seva kabisa. Hesabu: Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Chukua kila jina la wadi lina herufi 15 kwa wastani wa ukarimu, hizo ni herufi elfu ishirini na kitu, yaani kama kilobaiti 22, ukiongeza alama za nukuu na mabano bado ni kidogo kuliko picha moja ya simu. Iweke orodha yote kwenye ukurasa, ishuke mara moja, baada ya hapo mzazi achague hata network ikiwa imekatika. Tanzania nayo ina kata karibu 4,000, bado naona inabebeka. Ukianza kushuka kwenye vijiji, zaidi ya 12,000, au vitongoji zaidi ya 64,000, hapo sasa ndo uulize seva, na ulete vile vya kata iliyochaguliwa tu.

Marsabit kugeuka Wajir, hilo nadhani nimelipata bila hata kuuona msimbo wako. Umetumia namba za kaunti, sivyo? Mombasa 001, Kwale 002, mpaka Nairobi 047. Marsabit ni 010, Wajir ni 008. Ukiandika 010 kwenye JavaScript bila alama za nukuu, lugha inaona sifuri ya mbele na kukumbuka mtindo wa zamani wa kuhesabu kwa nane nane, 010 kwake inakuwa 8. Mzazi wako wa Marsabit akapelekwa Wajir na sifuri moja. Ukiandika namba kama hiyo kwenye JSON, ule mtindo wa kuandika data kwenye faili, ndo kabisa, faili zima linakataliwa. Namba za utambulisho ziandike kama maandishi, "010", hata kama zinafanana na namba, wewe huzijumlishi wala kuzitoa, ni majina tu yaliyovaa nguo za namba.

Kitu kingine kidogo kwa sababu una ngazi tatu. Kaunti ikibadilika, usifute maeneo bunge peke yake, na wadi zifute palepale. Nimeshaona fomu ambayo kaunti imebadilishwa, eneo bunge limesafishwa vizuri, na chini wadi ya kaunti ya zamani bado imekaa. Na usitafute wadi kwa jina lake tupu. Mvita kule Mombasa kuna wadi ya Majengo, na huku kwetu kata za Majengo zipo Moshi, zipo Dodoma, ukitafuta kwa jina utaleta ya kwanza kuonekana.

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Niko Muscat, Kiswahili chetu hiki cha nyumbani tumerithi kwa wazee. Mimi sio mtu wa kompyuta, najaza fomu tu. Nilitaka kumwandikisha mwanangu masomo ya mtandaoni ya Kiswahili, fomu ikauliza nchi, nikachagua Oman, chini ikabaki menyu ya mkoa haina kitu ndani lakini imeandikwa lazima ujaze. Mwisho nilichagua Tanzania nikaweka Mjini Magharibi alikozaliwa bibi yangu, ili nipite. Baadaye wakaniletea ujumbe kwamba namba yangu ya simu haifanani na nchi. Tatizo ni langu? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, wala si lako hata kidogo, umejaza sawasawa. Aliyetengeneza alipanga mikoa ya nchi alizozifikiria, akasahau kwamba mtu anaweza akachagua nchi ambayo yeye hakuiandalia orodha. Menyu ikabaki tupu, na ile amri ya lazima ikabaki palepale, kwa hiyo mlango umefungwa na hakuna ufunguo. Inaniuma kweli kwamba imekubidi useme uongo kuhusu unakoishi ili mtoto asome.

Wewe waandikie waliokutumia ule ujumbe, waeleze kama ulivyonieleza mimi, ukiwa na picha ya skrini ni bora zaidi, na waombe wakubadilishie nchi wao wenyewe kutoka upande wao. Usijaze fomu ya pili, utakuwa na mtoto mmoja mwenye majina mawili kwenye daftari lao.

Kwa watengenezaji mnaosoma hapa: Oman ina majimbo 11, Muscat na Dhofar zikiwemo, si kazi kubwa kuyaweka kama mna wanafunzi huko. Kwa nchi ambayo hamna orodha yake, msimbo uangalie, orodha ikiwa tupu ondoa `required`, ficha hiyo menyu pamoja na maneno yake ya juu, na mahali pake fungua kisanduku cha kawaida mtu aandike mji wake kwa mkono. Mtu akirudisha nchi yenye orodha, geuza tena, na kile alichoandika kwenye kisanduku kisitumwe. Seva nayo iambiwe hivyohivyo, isije brauza ikaruhusu halafu seva ikakataa.

Na kuna watu wanatumia brauza za kubana data kama Opera Mini, ambako JavaScript inaweza kuendeshwa kwenye seva za mbali badala ya simu yenyewe, menyu zinazobadilikabadilika zinaweza zikagoma au zikachelewa sana. Kwa hao andaeni menyu moja tu ya wilaya zote, majina ya mikoa yakiwa vichwa katikati yake kwa kutumia `optgroup`, hiyo haihitaji JavaScript kabisa. JavaScript ikiwepo, ndipo muigeuze kuwa menyu mbili. Inakuwa ndefu kidogo kuskroli, lakini mtu wa Micheweni akiskroli anaikuta Micheweni yake, chini ya Kaskazini Pemba.